Wasomaji Wanauliza: Baba ni Nani katika Lugha Nyingine?

Barua kadhaa zilizofika kwenye ukurasa huu zinahusu neno moja lenye silabi mbili tu, nalo ni baba. Tumeona ni afadhali kuliachia neno hilo ukurasa mzima kuliko kulijibu vipandevipande, kwa kuwa swali la msomaji mmoja linafungua njia ya kumjibu mwenzake.

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Kwenye baraza letu yupo mzee anayeheshimika kwa elimu yake ambaye anashikilia kwamba baba si neno letu, bali lilikuja na majahazi kutoka Uajemi au Uarabuni, kwa sababu Waajemi nao husema baba. Mimi nilimbishia, lakini sikuwa na hoja ya kumpa. Ukweli ni upi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mzee wenu amesema kweli kwamba Waajemi hulitumia neno hilo. Mshairi wao wa karne ya 11, mwenyeji wa Hamadan, anajulikana hadi leo kwa jina la Baba Tahir, na hapo baba ni neno la heshima kwa mtu mcha Mungu. Waturuki humwita mzazi wa kiume baba, Wabengali vivyo hivyo, na Wachina pia, ila wao huishusha sauti kwa nguvu kwenye silabi ya kwanza na kuiacha ya pili ipite kwa wepesi. Kufanana kupo, wala hakuna haja ya kukukanusha.

Hata hivyo, hoja ya kufanana peke yake haitoshi, kwa sababu tukiikubali itatulazimu kwenda nayo mbali kuliko tunavyotaka. Wazulu wa Afrika Kusini husema ubaba, Washona wa Zimbabwe husema baba, Wakikuyu wa milima ya Kenya husema baba, na Wayoruba wa Nigeria, ambao lugha yao si ya Kibantu na ambao wako upande mwingine kabisa wa bara, husema baba pia. Je, hao wote walilipokea kutoka kwenye majahazi yaliyotia nanga Tanga na Pangani? Isitoshe, katika Kiarabu fasaha mzazi wa kiume ni ab, ndiyo maana tunayo majina kama Abu Bakr. Neno baba husikika katika Kiarabu cha nyumbani, hasa vinywani mwa watoto wa miji kama Cairo, lakini silo lililokuja pwani yetu pamoja na vitabu na mikataba ya biashara.

Pale ambapo watu wa pwani walichukua kweli jina la jamaa kutoka Kiarabu, alama zake zinaonekana wazi. Ami ni ndugu wa kiume wa baba kwa Kiarabu, na binamu ni mwana wa ami, yaani bin amm. Maneno hayo yaliingia na kukaa kando ya utaratibu uliokuwapo tayari, wa baba mkubwa na baba mdogo, na utaratibu huo Mshona anao vilevile, kwani kaka wa baba yake ni babamukuru na mdogo wa baba yake ni babamunini. Neno la kuazima linaweza kusafiri peke yake, lakini ni vigumu sana kuamini kwamba mpango mzima wa kuwapanga jamaa ulisafiri nalo hadi Harare. Kwa hiyo mwambie mzee wetu, kwa adabu inayomstahili, kwamba baba ni neno la Kibantu, na kwamba Waajemi wana lao.

SWALI: Sisi Warundi tunasema data, Waganda husema taata, na Wakongo wanaozungumza Kilingala husema tata. Kama baba ndilo neno la Kibantu, hili letu tumelitoa wapi? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Nanyi mna haki sawa. Lugha za Kibantu zina maumbo mawili makuu ya neno hili, baba na tata, na yote mawili yameenea kwenye eneo kubwa kiasi kwamba haifai kuliita moja la asili na jingine la kuja. Wakongo wa leo wameongeza la tatu, papa, kutoka Kifaransa, wakilitumia kwa kila mwanamume mtu mzima wanayemheshimu, na mashabiki wa muziki wanalijua kupitia jina la Papa Wemba. Msomaji wa Pwani huenda akashtuka kidogo, kwa kuwa kwake papa ni samaki wa kuogopwa.

Kuna jambo moja katika Kirundi ambalo sisi wa Kiswahili tumelipoteza, na ambalo kwa maoni yangu ni zuri kuliko yote yatakayosemwa kwenye ukurasa huu. Data haimaanishi baba wa mtu yeyote. Maana yake ni baba yangu. Baba yako ni so, na baba yake ni se. Kikuyu hufanya hivyohivyo: baba ni wangu, thoguo ni wako, ithe ni wake. Mzulu anasema ubaba kwa wake mwenyewe, uyihlo kwa wako na uyise kwa wa mtu mwingine. Katika lugha hizi neno baba lina mwenyewe ndani yake tangu linapotamkwa, na mtu hawezi kulichukua na kulibandika kwa mzazi wa jirani bila kubadili neno zima. Kiswahili, lugha iliyokutanisha watu wa makabila mengi, kilibaki na neno moja, kikaliongezea yangu, yako na yake.

Kizulu kina la ziada. Dada wa baba, ambaye sisi humwita shangazi, Wazulu humwita ubabekazi, yaani baba wa kike, kwa kuwa kiishio -kazi huonyesha uke. Mwanamke huyo anaheshimiwa kwa sababu ni wa upande wa baba, na lugha imelisema jambo hilo bila kuzunguka. Ubabomkhulu kwao, ambalo kwa masikio yetu linasikika kama baba mkubwa, ni babu.

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kliniki ya watoto. Akina mama hulalamika kwangu kwamba wanakesha na mtoto, wanamnyonyesha na kumwogesha, halafu siku ya kwanza anapofungua kinywa anasema baba. Kwa nini iwe hivyo? Na kwa nini watoto wa Wazungu na Wachina nao huanza na maneno hayohayo? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Dada muuguzi, waambie akina mama hao kwamba mtoto bado hajamwita mtu. Kuanzia miezi sita hivi mtoto huanza kubwabwaja silabi zinazojirudia, kama bababa, mamama na dadada, na hufanya hivyo hata akiwa peke yake kitandani akiangalia dari. Silabi hizo ndizo rahisi kuliko zote. Ili kutoa b, midomo hufungwa kabisa, na ili kutoa a, kinywa hufunguliwa hadi mwisho, na mtoto ambaye bado hajaumudu ulimi wake anaweza kufanya mambo hayo mawili kwa zamu bila taabu. Sauti kama r, sh na z huchukua muda mrefu zaidi, jambo ambalo kila mzazi aliyewahi kuitwa kwa jina lililokatwakatwa analifahamu.

Anayeigeuza sauti hiyo kuwa neno ni mtu mzima. Mtoto anasema bababa, mzazi anaruka kwa furaha, anamrudishia neno hilohilo huku akijionyesha kidole, na baada ya majuma kadhaa ya kurudiarudia, mtoto anagundua kwamba sauti ile inamleta mtu fulani. Wazazi hufanya hivyo Mwanza, Beijing na Istanbul, na kwa sababu hiyo maneno yanafanana bila watu wa miji hiyo kuwa wameazimana chochote.

Mwanaisimu Roman Jakobson, mzaliwa wa Moscow aliyefundisha Marekani, alichapisha mwaka 1960 makala maarufu juu ya jambo hili, akitumia orodha iliyokusanywa na mwanaanthropolojia George Peter Murdock yenye maneno 1,072 ya baba na mama kutoka lugha nyingi za dunia. Katika orodha ile, sauti za puani kama m na n zilionekana katika asilimia 55 ya maneno ya mama, lakini katika asilimia 15 tu ya maneno ya baba. Jakobson alieleza kwamba mtoto anaponyonya, midomo yake imezibwa na ziwa, na sauti pekee anayoweza kutoa ni ya puani. Baadaye hutoa sauti hiyohiyo akiliona ziwa au akiwa na njaa, na hatimaye akimtaka yule anayemlisha. Basi akina mama wasihuzunike: m ni yao, na ilianza wakati mtoto alipokuwa kifuani mwao.

Asilimia 15 hiyo nayo isidharauliwe, kwani inathibitisha kwamba hakuna sheria inayowalazimisha wazazi kugawana sauti kwa namna moja. Katika nchi ya Georgia, kwenye milima ya Kaukasi, mama ndiye baba, na mzazi wa kike ni deda. Waumini wa kanisa la huko humwita padri wao mamao, nao wanamaanisha hasa kile tunachomaanisha sisi tunaposema baba paroko. Nchini Japani, neno haha, linalomaanisha mama, lilitamkwa papa katika zama za kale, kabla ya p ya Kijapani kulainika na kuwa f na kisha h.

SWALI: Ninasoma chuo kikuu huku Sofia, Bulgaria. Mwenye nyumba wangu ana wajukuu wanaomwita baba, naye ni bibi wa miaka sabini na kitu. Wiki za kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Ilikuwaje neno la baba likapewa bibi? (Msomaji, Sofia)

JIBU: Kaka, hujasikia vibaya. Katika lugha za Kislavoni, kuanzia Urusi hadi nchi za Balkani, baba ni mwanamke, na kwa kawaida ni mwanamke mwenye umri. Lakini usidhani kwamba lilichukuliwa kwa mzazi wa kiume likapewa bibi. Lilitokana na kubwabwaja kulekule tulikomweleza dada muuguzi, ila mababu wa Waslavoni waliposikia bababa ya mjukuu, aliyekuwa karibu naye akamjibu alikuwa bibi.

Uzito wa neno hilo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na wewe uliye huko inakupasa kuujua. Kwa Wabulgaria na Waukraine, baba ni neno la mapenzi ambalo mjukuu humwita nalo bibi yake. Kwa Wapolandi bibi ni babcia, na kumwita mwanamke baba ni kumdharau. Warusi nao humwita bibi babushka, wakitia mkazo kwenye silabi ya kwanza, na neno baba lenyewe, ambalo zamani lilikuwa la mwanamke wa kijijini aliyeolewa, leo likitamkwa mjini lina ukali. Ukisafiri kutoka Sofia kwenda Warsaw, usilibebe neno hilo bila kulikagua.

Katika vijiji vya Bulgaria baba alikuwa pia mkunga, na ipo sikukuu yake mwezi Januari, Babinden, ambapo wanawake humwendea mkunga mzee na zawadi, nao humwagia maji mikononi ili anawe. Muda mfupi baadaye, tarehe 1 Machi, utaona kila mtu hapo Sofia amefunga mkononi uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja. Hiyo ni siku ya Baba Marta, yaani Bibi Machi, kikongwe wa simulizi ambaye akitabasamu jua hutoka na akikasirika theluji hurudi. Uzi huo huvaliwa mpaka mtu aone korongo au mti uliochanua, kisha watu wengi huufunga kwenye tawi la mti. Mwaka 2017 UNESCO iliziingiza desturi za siku hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya pamoja ya Bulgaria, Romania, Moldova na Masedonia.

Jambo linalonivutia zaidi ni kilichotokea pale lugha mbili zenye baba tofauti zilipokutana. Waturuki waliitawala Bulgaria kwa takriban karne tano, hadi mwaka 1878, nao walikuja na baba yao wa kiume. Wabulgaria hawakumchanganya na bibi yao, kwani mzazi wa kiume walibaki kumwita kwa neno lao wenyewe, bashta. Huko Bosnia mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Familia za Kiislamu zililichukua neno la Kituruki zikaligeuza kidogo mwishoni likawa babo, na hadi leo mtoto wa Sarajevo anaweza kumwita mzazi wake babo huku jirani yake Mserbia akimwita bibi yake baba, na hakuna anayepotea. Nchini Albania, ambako lugha si ya Kislavoni, baba ni mzazi wa kiume, na ndicho pia cheo cha viongozi wa tarika ya Bektashi.

Neno hilo la bibi limefika pia jikoni. Wapolandi huoka keki ndefu ya Pasaka iitwayo baba au babka, na wengi husema umbo lake lenye mikunjo linafanana na sketi ya bibi. Simulizi za wapishi zinasema kwamba Stanisław Leszczyński, mfalme wa Polandi aliyepoteza kiti na kupewa utawala wa Lorraine mwaka 1737, ndiye aliyeileta Ufaransa, ambako ililoweshwa katika pombe tamu. Kutoka huko ilishuka hadi Napoli, na kule husemwa babà, mkazo ukiwa mwishoni.

SWALI: Hapa kwetu mama humwita mwanawe wa kiume baba: “Njoo baba, kula.” Rafiki yangu wa bara anasema ni kumkosea heshima mume. Je, desturi hii iko kwingine? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Iko, na hata bara iko kwa wingi. Sehemu nyingi mtoto hupewa jina la babu yake mzaa mama, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu kwa mtoto wa pili wa kiume, na mama anapomwita baba anakuwa anamtaja kweli baba yake mwenyewe. Wayoruba wana jina Babatunde, lenye maana ya baba amerudi, ambalo hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya babu yake kufariki. Sioni dharau yoyote kwa mume katika mapenzi ya namna hiyo.

Syria na Lebanoni nako mzazi humwita mtoto kwa jina la mzazi, lakini kwa utaratibu ulio kinyume na wetu. Sisi tunaangalia jinsia ya mtoto: wa kiume ni baba, wa kike ni mama, yeyote awaye anayemwita. Wao huangalia anayeita. Mama wa Damascus humwita mwanawe wa kiume mama, na baba humwita binti yake baba, kana kwamba kila mmoja anamrudishia mtoto jina ambalo mtoto humwita nalo.

SWALI: Je, ipo lugha ambamo baba si mtu kabisa? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Zipo. Kwa Kihispania baba ni mate yanayomtiririka mtoto kidevuni. Kwa Kiaramu cha kale ni lango, ndugu wa bab ya Kiarabu tunayoijua kutoka Bab el Mandeb, na sehemu tatu za Talmudi ya Wayahudi huitwa Lango la Kwanza, Lango la Kati na Lango la Mwisho. Kitagalogi cha Ufilipino kinashinda zote, kwani baba ni kidevu, na kwa mkazo mwingine ni kushuka. Ba ni neno la kuulizia, na silabi ya kwanza ya kitenzi hurudiwa ili kuonyesha jambo litakalofanyika. Hivyo mtu anayesubiri lifti huko Manila huuliza, “Bababa ba?” yaani, inashuka? Aliye ndani humjibu, “Bababa,” na mazungumzo yamekamilika.

SWALI: Mwalimu wetu alisahihisha “baba wangu” akaandika “baba yangu”, lakini kitabuni tunasoma “Baba wa Taifa”. Tufuate lipi? (Mwanafunzi wa sekondari, Morogoro)

JIBU: Mwalimu wenu yuko sahihi, na kitabu pia. Majina ya jamaa na watu wa karibu yasiyoanza na kiambishi m-, kama baba, mama, kaka, ndugu na rafiki, huchukua yangu katika umoja na zangu katika wingi, ilhali mtoto na mume, yenye kiambishi hicho, huchukua wangu. Vitenzi na sifa hufuata ngeli ya watu kama kawaida: baba yangu mzazi amefika, baba zangu wadogo wamefika. Kiunganishi cha -a nacho hufuata ngeli ya watu, kwa hiyo tunasema Baba wa Taifa tunapomtaja Mwalimu Nyerere, na baba wa watoto hawa. Ukipenda kufupisha, babangu, babako na babake ni Kiswahili safi, na katika mashairi ya zamani utakutana pia na babaye.